Dishi la bure lina kazi, lakini tusiling'oe

Mwanzoni mwa mwezi uliopita nilikuta barua fupi iliyosukumwa chini ya mlango wangu. Wapangaji wa jengo letu hapa Mombasa tuliarifiwa kwamba paa litakarabatiwa na kupakwa rangi upya, na kwamba kila mwenye dishi huko juu ana siku thelathini za kulishusha. Sababu zilizotolewa ni mbili: kwamba madishi yameliharibu jengo sura, na kwamba siku hizi kila mtu anaweza kutazama atakacho kwa simu yake. Mimi ninayo madishi matatu juu ya paa hilo. Nimeona heri nijibu hadharani, si kwa sababu jengo letu lina uzito wowote kwa taifa, bali kwa kuwa barua kama hiyo inasukumwa chini ya milango mingi, na aghalabu wanaoipokea hushika spana wakatii bila ya kujiuliza wanapoteza nini.

Kwanza nikiri kosa letu. Sababu ya kwanza ya mwenye nyumba ni ya kweli. Ukipanda paani kwetu utahesabu madishi kumi na saba, na kwa uchunguzi wangu yanayofanya kazi hayazidi sita. Mengine yaliachwa na wapangaji waliohama zamani. Moja limekuwa kiota cha kunguru, jingine limeliwa na kutu hata mkono wake umekatika, na waya zao zimening'inia ukutani kama mizizi ya mikoko. Mtu anayesema kwamba hiyo ni aibu hajamtukana yeyote. Sisi wenye madishi tumekuwa hodari wa kupandisha na wavivu wa kushusha.

Lakini sababu ya pili, ile ya simu, ndiyo iliyonikosesha usingizi. Ndani yake mna dhana ambayo imeenea mno katika nchi yetu, kwamba njia mpya ikipatikana, ile ya zamani haina budi kuzibwa. Dhana hiyo ni ya hatari, na nitajaribu kuonyesha kwa nini.

Nianze kwa kueleza ninachokitetea, kwani wengi huchanganya mambo. Kuna matangazo ya setilaiti yaliyofungwa kufuli, ambayo hufunguliwa kwa kadi na ada ya kila mwezi. Kuna pia matangazo yasiyofungwa, ambayo mwenye kituo ameyaachia yashuke bure kwa yeyote mwenye dishi na king'amuzi cha kawaida. Mimi hupokea haya ya pili. Sina funguo za wizi wala king'amuzi kilichochezewa, na wale wanaofanya hivyo siwatetei. Anayepokea matangazo yaliyoachwa wazi hamwibii mtu, kama vile asikilizaye redio barazani asivyomwibia mtangazaji.

Setilaiti hizo zimekaa juu ya mstari wa ikweta, kiasi cha kilomita 36,000 kutoka ardhini, na huzunguka pamoja na dunia kwa mwendo ule ule, hivyo kwa macho ya dishi huwa kama zimesimama. Sisi Wakenya tumekaa papo hapo chini ya mstari huo. Katika mji kama London dishi huinama kuelekea kusini, likitafuta setilaiti iliyo chini karibu na mapaa ya majirani. Hapa kwetu dishi hutazama mashariki, au magharibi, au karibu utosini kabisa. Miti na majengo hayatusumbui sana, na hiyo ni neema ambayo wengi hawana.

Wala uhusiano wetu na vyombo hivi si wa jana. Desemba 12, 1970, siku tuliyoadhimisha miaka saba ya kujitawala, setilaiti ya kuchunguza miale ya eksirei kutoka kwenye nyota ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi, nayo ikapewa jina la Uhuru. Mwaka huo huo kituo cha setilaiti cha Longonot kilianza kazi ya kutuunganisha na dunia. Mtoto wa Pwani anayeambiwa kwamba setilaiti ni mambo ya watu wa mbali amenyimwa sehemu ya historia yake.

Sasa niseme kuhusu kazi, maana jina la bure limewadanganya wengi. Matangazo ni ya bure. Kuyapata si bure. Madishi yangu matatu yana tabia tatu. La kwanza ni la wavu, upana wa mita 1.8, linatazama mashariki kwenye setilaiti iliyo digrii 68.5, nalo hupokea mawimbi marefu ya bendi ya C. La pili ni la bati zima, upana wa mita 1.2, linatazama karibu utosini. La tatu ni dogo, la sentimita 90, linatazama magharibi. Waya za yote matatu huingia katika swichi moja yenye matundu manne, na kutoka hapo waya mmoja hushuka hadi kwenye king'amuzi. King'amuzi ndicho kinachoiambia swichi ifungue mlango upi.

Adui wa kwanza wa mfumo kama huu ni hewa yetu ya chumvi. Nati ya chuma cha kawaida haimalizi misimu miwili karibu na bahari kabla ya kushikwa na kutu, na siku unayohitaji kuilegeza hukatika mkononi. Nilijifunza kununua nati za chuma kisichoshika kutu, na kupaka grisi hata hizo. Mahali pengine pa udhaifu ni pale waya unapoungana na kile kichwa cha kupokea mawimbi, ambacho mafundi hukiita LNB. Maji yakipenya hapo hutambaa ndani ya waya kimya kimya, na mwenye nyumba huamini kwamba king'amuzi kimekufa, akanunua kingine, kumbe dawa ilikuwa utepe wa mpira wa shilingi chache. Waya wenyewe nao uachwe na kitanzi kidogo kinachoning'inia chini kabla haujaingia ukutani, ili tone la mvua lidondoke hapo badala ya kuufuata waya hadi sebuleni. Swichi yangu nimeifunika kwa chupa ya plastiki iliyokatwa kitako. Haina sura, lakini imeishi kuliko swichi tatu zilizoitangulia.

Adui wa pili ni upepo. Kusi inapovuma kwa nguvu katikati ya mwaka, dishi kubwa huwa kama tanga. Msomaji asidhani kwamba dishi lazima lianguke ndipo liharibike. Ukichukua dishi la sentimita 90 na kulisogeza ukingo wake kwa sentimita moja na nusu tu, umeligeuza digrii nzima, na digrii moja huko zilipo setilaiti ni zaidi ya kilomita 600. Ndiyo maana nguzo husimamishwa kwa timazi kabla ya jambo jingine lolote. Nguzo iliyopinda haitakupa hesabu sahihi hata ukae juu ya paa mchana kutwa. Na ndiyo maana nimetia alama ya rangi pale ambapo dishi limeshikana na nguzo. Baada ya usiku wa upepo hutazama kwanza alama, kisha ndipo nikaiwasha runinga.

Adui wa tatu ni maji ya mvua. Bendi ya C huvumilia mvua. Mawimbi mafupi ya yale madishi madogo hayavumilii. Mvua za masika zinapomwagika, picha hukatikakatika na pengine hutoweka hadi wingu lipite, na hakuna spana itakayotibu hilo. Lakini lile dishi la bati linalotazama utosini lilinipa taabu ya pekee. Kila mvua iliponyesha lilifanya kina kama bakuli, maji yakatuama, na juu ya maji yale yaliyotuama mbu wakazaliana. Nilitoboa tundu dogo mahali palipo chini zaidi, taabu ikaisha. Lingepandishwa na fundi wa kigeni asiyeijua ikweta, tundu hilo asingelifikiria.

Kuna na mambo ambayo si adui, ila hutia watu hofu. Kila mwaka, siku chache karibu na tarehe 21 Machi na 23 Septemba, wakati mchana na usiku hulingana, jua hupita nyuma ya setilaiti na kulipofusha dishi kwa dakika kadhaa. Dishi langu la mashariki hupofuka mnamo saa nne asubuhi. Nimewahi kumwona jirani aliyepanda paani saa hizo akilegeza kila nati, na jua lilipopita setilaiti ilikuwa pale pale, dishi ndilo lililokuwa limepotea. Asiyejua sababu ya kukatika kwa picha hana budi kusubiri robo saa kabla ya kushika spana. Robo saa hiyo ingewaokoa wengi.

Haya yote nayaandika katika daftari: tarehe, dishi lipi, nati ipi, na kipimo cha ubora kilichosomeka kwenye king'amuzi. Nasema ubora, si nguvu. King'amuzi huonyesha vipimo viwili, na limbukeni hufurahia kile cha nguvu, ambacho huweza kuwa juu hata kama dishi linatazama mwembe, kwa sababu kinapima tu kelele inayoshuka kwenye waya. Ubora ndio unaosema kwamba kuna neno ndani ya kelele. Ukishuka kidogo kidogo kwa wiki tatu, najua maji yameingia mahali. Ukishuka ghafla usiku mmoja, najua upepo umefanya kazi yake.

Msomaji atauliza, na ana haki: taabu yote hii ya nini, ilhali kwa simu mtu hupata picha za dunia nzima akiwa amelala kitandani? Jibu langu lina tarehe.

Jumapili ya Mei 12, 2024, nyaya mbili za mawasiliano zipitazo chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika, na intaneti ikadhoofika katika nchi kadhaa za Afrika Mashariki, Kenya ikiwemo. Nchi ilikuwa katika mafuriko, na watu walitaka habari. Jioni ile kijana anayeishi ghorofa ya pili, ambaye kila anionapo na spana huniuliza kama ninaongea na malaika, alibisha hodi akiwa na simu mkononi. Kile kiduara kilikuwa kikizunguka tu.

"Mzee," alisema, "nimesikia kwako runinga inaongea. Hiyo yako inakula bando ngapi?"

"Haili kitu, mwanangu," nikamjibu. "Keti utazame."

Aliketi hadi saa tano usiku. Sikumsimanga, kwani siku nyingine mimi ndiye ninayekwenda kwake kuomba anitumie ujumbe usiotaka kwenda. Lakini toka siku ile hajaniuliza tena habari za malaika.

Hiyo ilikuwa ajali. Yapo na makusudi. Februari 2015, katika mvutano wa kuhamia matangazo ya dijitali, Wakenya walikaa takriban wiki tatu bila ya NTV, Citizen, KTN na QTV. Januari 30, 2018, siku ya kuapishwa kwa Raila Odinga katika bustani ya Uhuru, mitambo ya vituo vikubwa ilizimwa, na ingawa Mahakama Kuu iliagiza virejeshwe, baadhi vilikaa gizani siku kadhaa zaidi. Juni 25, 2025, siku ya kuwakumbuka waliouawa katika maandamano ya mwaka uliotangulia, Mamlaka ya Mawasiliano iliviagiza vituo visitangaze maandamano moja kwa moja, matangazo ya vingine yakakatwa, hadi Mahakama Kuu ilipoingilia kati. Majirani zetu nao wameonja upande wa pili wa shubiri: Uganda ilizima intaneti wakati wa uchaguzi wa Januari 2021, na Tanzania ikaminya ya kwake kwa siku kadhaa kuanzia Oktoba 29, 2025.

Sitaki kudanganya kwamba dishi ndilo lililotuokoa siku hizo zote. Mwaka 2018 waliotaka kuviona vituo vilivyozimwa walivifuata kwenye intaneti, na huko dishi langu halikufaa kitu; kituo kikizimwa mizizi, hakuna dishi litakaloliona jani. Nililopata mimi ni yale ambayo wageni walisema juu yetu, nayo si sawa na kusikia sauti ya nyumbani. Lakini tazama jambo hili kwa utulivu. Siku moja mitambo ya nchi kavu ilizimwa, intaneti ikabaki. Siku nyingine, kwa jirani, intaneti ilizimwa, runinga zikabaki. Siku nyingine tena waya wa baharini ulikatika wenyewe. Hakuna njia hata moja ambayo haijawahi kuzibwa. Basi mwenye busara ni nani: anayebaki na njia moja kwa kuwa ni mpya, au anayezihifadhi zote?

Hata angani mambo ni hivyo hivyo. Oktoba 19, 2024, setilaiti ya Intelsat 33e, iliyokaa digrii 60 mashariki juu ya Bahari ya Hindi na kuhudumia sehemu za Afrika, Ulaya na Asia, ilivunjika vipande vipande, miaka minane tu baada ya kurushwa. Mwenye dishi moja linalotazama setilaiti moja naye ana njia moja. Ndiyo sababu mimi nina matatu, na ndiyo sababu sikubali kuitwa mlafi.

Fauka ya hayo, kuna jambo la heshima ya mtazamaji. Dishi ni sikio, halina mdomo. Linapokea wala halimwambii mtu yeyote nimetazama nini, saa ngapi, na nimeachia wapi. Simu hujua yote hayo na huyahesabu, na kuna wanaoishi kwa kuziuza hesabu hizo. Ibara ya 33 ya Katiba yetu ya 2010 inampa kila mtu uhuru wa kutafuta, kupokea na kutoa habari na mawazo. Nimeona kwamba tunapoitaja ibara hiyo husisitiza kutoa, tukalisahau neno kupokea. Kupokea bila ya kuomba ruhusa, bila ya kulipa kila mwezi na bila ya kuchunguliwa ni uhuru mdogo, lakini ni uhuru.

Na wapo ambao kwao si mdogo hata kidogo. Bibi mmoja katika jengo letu hana simu ya kisasa, na pensheni ya marehemu mumewe haitoshi ada ya kila mwezi. Waya uliotoka kwenye dishi langu huingia pia kwake. Katika Ramadhani hutazama tarawehe moja kwa moja kutoka Makka, na jirani yake Mkristo, aliye mgonjwa asiyeweza kwenda kanisani, humkuta hapo Jumapili kutazama misa. Mwenye nyumba anaposema kila mtu ana simu, ana maana ya kila mtu anayemjua yeye. Ukienda mbali zaidi, katika sehemu za kaskazini mwa nchi ambako minara ya runinga haifiki na intaneti hupatikana kwa bahati, setilaiti si anasa ya wazee wapendao spana. China ililielewa hilo: mwaka 2015, katika mkutano wa Johannesburg, iliahidi kuvipelekea vijiji 10,000 vya Afrika runinga ya setilaiti. Ikiwa mgeni ameona faida ya kulijaza bara letu madishi, mbona sisi tunaharakisha kuyang'oa?

Nakubali kwamba si kila kinachoshuka kutoka juu ni riziki. Kati ya vituo vinavyojiachia bure wamo wauza miujiza, wauza dawa za kila ugonjwa, na wasemaji wa serikali zao. Nakubali pia kwamba uwanja unazidi kubanwa. Vituo vingine huhama au hufungwa kufuli bila ya taarifa, ukaamka asubuhi ukakuta kioo cheusi. Ile bendi ya C inayovumilia mvua inatamaniwa na kampuni za simu: mkutano wa dunia wa redio wa 2015 uliipa simu sehemu yake katika bara letu, na huko Marekani sehemu nyingine ilinadiwa mwaka 2021 kwa zaidi ya dola bilioni 80. Huenda siku moja dishi langu la wavu likabaki la kuanikia dagaa. Lakini siku hiyo haijafika, na kitu kisitupwe leo kwa sababu kitakufa kesho.

Nipendekeze basi, nisije nikawa wa kulalamika tu.

Kwa wenye majengo: msituambie tushushe yote, tuambieni tupange. Kila dishi liandikwe nambari ya nyumba ya mwenyewe. Lisilo na nambari baada ya mwezi mmoja lishushwe na kuuzwa chuma chakavu, na fedha zake zinunue rangi ya paa. Heri zaidi, jengo lipandishe madishi mawili au matatu ya pamoja kwenye nguzo imara, yenye waya wa kuzuia radi uliozikwa ardhini, na kila nyumba ivutiwe waya kutoka hapo ndani ya bomba moja. Ukuta utakuwa safi, na bibi yule atatazama misa na tarawehe zake. Gharama ikigawanywa kwa nyumba ishirini, haifikii ada ya miezi michache ya runinga za kulipia.

Kwa serikali: vituo vya umma viendelee kupatikana kwa setilaiti bila ya kufuli, na masafa yake yatangazwe wazi, ili Mkenya wa Turkana au wa kisiwa cha Lamu asilazimike kuwa mteja wa mtu ndipo awe raia anayejua habari za nchi yake. Na vyuo vya ufundi viufundishe ujuzi huu ipasavyo. Kijana anayejua timazi, pembe, kuunga waya na kusoma vipimo ana mkate mkononi. Wengi walio mitaani leo wamejifunza kwa kubahatisha, nao hubahatisha kwa fedha zetu.

Kwa wenzangu wenye madishi: tukitaka kuheshimiwa, tujiheshimu. Dishi lililokufa lishushwe na mwenyewe. Waya ufungwe. Nati zikazwe kabla ya kusi kuanza, si baada ya dishi kuanguka juu ya gari la mtu. Uhuru wa kupokea hauna ndani yake uhuru wa kumwangushia jirani chuma.

Nimekwisha kumwandikia mwenye nyumba wetu hayo yote kwa adabu, nikaambatisha mchoro wa nguzo na hesabu ya gharama. Kijana wa ghorofa ya pili ametia sahihi chini ya jina langu, na wapangaji wengine tisa baada yake. Hajajibu bado. Wakati tunamsubiri, Jumamosi iliyopita mimi na kijana huyo tulipanda paani na spana mbili na gunia. Tulishusha madishi manne yasiyo na mwenyewe, likiwemo lile lenye kiota, ambacho kunguru walikuwa wamekwisha kukihama. Siku thelathini za barua zinakwisha wiki ijayo. Yale yangu matatu yangali juu.